Mpiga Kura Asiharakishwe

Huko Ulaya, upande ambako baridi huja mapema na serikali hazikai, ipo nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba imebadilisha jina mara nne tangu ukomunisti ulipoanguka, na nikilitaja la leo, hadithi hii itakufikia ikiwa na jina la jana.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na Chama kimoja, na Chama kilikuwa na jengo moja la zege katikati ya mji mkuu, lenye vyumba thelathini na kimoja. Chama kilipokufa, hakuna aliyehama. Kila mkuu wa chumba alibandika kibao kipya mlangoni pake na kutangaza kwamba moyoni alikuwa mpinzani tangu utotoni. Ndivyo ulivyozaliwa mfumo wa vyama vingi: Chama cha Mwamko, Chama cha Mwamko Mpya, Chama cha Mwamko Mpya Kabisa, Muungano wa Waliokuwa Kimya kwa Hasira, na kuendelea hadi chumba cha mwisho, stoo ya mafagio, ambamo kilizaliwa Chama cha Usafi wa Siasa. Mchana viongozi wote walikula pamoja kantini ya chini, meza zilezile, kabichi ileile, kisha wakapanda ghorofani kutukanana.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na kidonda kimoja. Enzi za Chama, kila kituo cha kura kilikuwa na kituturi, yaani kile kipembe chenye pazia ambamo mpiga kura huweka alama yake bila kuonwa. Kituturi kilikuwepo kwa ajili ya wageni wa kupiga picha. Mwananchi mwema alipewa karatasi yenye jina moja, akaikunja mbele ya watu na kuitumbukiza, basi. Aliyesogelea pazia aliandikwa jina. Kwa hiyo wazee walipokaa kutunga katiba ya uhuru, walilia kwanza, wakashikana mikono, halafu wakaandika kifungu cha arobaini na sita: "Mpiga kura akiwa ndani ya kituturi asiharakishwe na mtu yeyote, chombo chochote, wala sababu yoyote." Wakaona ni kizuri mno, wakaongeza kwamba hakitabadilishwa milele.

Halafu wakatunga sheria ya ukimya. Tangu siku moja kabla ya kura hadi kituo cha mwisho nchini kitakapofungwa, mgombea asitamke neno hadharani, matokeo yasitajwe, na mwananchi asiseme jambo lolote la kupigia chama debe. Kwa kuwa kila chama kilikuwa na namba yake kwenye karatasi, ilikatazwa pia kutaja hadharani namba kuanzia moja hadi thelathini na moja. Siku hiyo wenye maduka waliuza mayai kwa mafungu ya thelathini na mawili, na hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa ni siku moja na nusu tu kila miaka minne.

Sasa twende kijijini Dolna Breshka, mwisho wa barabara ya lami na kilomita saba zaidi. Huko aliishi Mwalimu Teodor Vrancik, mkuu wa shule ya msingi yenye wanafunzi kumi na mmoja na mwalimu mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika maisha yake yote hajawahi kukataa karatasi yenye muhuri. Aliambiwa atundike picha ya Kiongozi, akatundika. Aliambiwa aishushe, akaishusha, akaiweka kabatini ikitazama ukuta, maana huwezi kujua. Aliambiwa awe msimamizi wa kituo cha kura, kitakachokuwa darasani kwake, akasema asante.

Juma lile la uchaguzi alipokea karatasi nyingine. Wizara ya Elimu ilimjulisha kwa furaha kubwa kwamba shule ya Dolna Breshka "itaboreshwa kwa njia ya kufungwa" Jumatatu asubuhi, baada ya uchaguzi. Watoto wangesoma mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, basi ambalo nalo liliboreshwa mwaka uliopita kwa njia hiyohiyo. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo: jengo lililotumika kupigia kura lisiguswe hadi kituo kifungwe. Vyama vyote thelathini na kimoja viliahidi kulinda shule za vijijini. Aliyesaini barua ni Waziri Dragomir Stulp wa Mwamko Mpya Kabisa, ambaye ahadi yake ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka.

Mwalimu Teodor alilia kidogo, akapangusa ubao, akalitundika pazia la kituturi kwa misumari minne. Hakufikiria kukataa. Hakujua kunaanzia wapi.

Jumapili kura zilikwenda vizuri. Wanakijiji walipanga foleni, wakapewa karatasi ndefu kama shuka la kitanda, wakahangaika nayo, wakatoka. Zilipobaki dakika kumi kufunga, aliingia Bibi Apolonia Zhurka, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyewahi kuwa mpishi wa shule hiyo. Alimpikia Teodor supu tangu akiwa hana meno ya mbele.

"Nipe hiyo karatasi, Teo."

Akapewa. Watu walimtazama, kwa sababu wote walijua habari yake. Zamani hizo, siku ya kura, Bibi Apolonia alisogea nyuma ya pazia kufunga mkanda wa soksi yake uliolegea. Akahojiwa wiki tatu. Aliyemhoji alikuwa katibu wa wilaya wa Chama, kijana mwenye bidii aitwaye Dragomir Stulp, na alitaka kujua ni nani hasa aliyelegeza soksi ile. Tangu hapo bibi hakupiga tena kura hata uhuru ulipokuja.

Safari hii alitembea moja kwa moja hadi kituturi, akachukua na kigoda cha watoto, akaingia, akavuta pazia.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Mwalimu Teodor akakohoa kwa adabu.

"Bibi, u mzima humo?"

"Mzima. Nachagua."

"Vizuri, Bibi. Ni kwamba muda wa kufunga..."

"Unaniharakisha, Teo?"

Mwalimu alirudi nyuma kama aliyegusa jiko la moto. "Hapana, Bibi! Sikuharakishi!"

Karatasi ikachakarika, kisha sauti ikauliza, "Ni kweli shule wanaifunga kesho?"

"Kesho asubuhi, kituo kikishafungwa."

"Aha," sauti ikasema. "Basi hii karatasi ina majina mengi mno. Sijaamua bado."

Jumatatu asubuhi hakuwa ameamua. Fundi aliyetumwa kuja kufunga mlango kwa kufuli alifika, akasoma kifungu cha arobaini na sita kilichobandikwa ukutani, akaketi nje na kufungua mkate wake. Watoto kumi na mmoja walikuja na mikoba yao, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasije. Mwalimu Teodor alisimama katikati ya darasa, sanduku la kura upande mmoja na watoto upande mwingine, akatokwa na jasho. Mwishowe akafanya jambo pekee alilolijua. Akafundisha. Hesabu ilikuwa taabu, maana pale palikuwa bado kituo cha kura, kwa hiyo watoto walijumlisha kuanzia thelathini na mbili kwenda juu. Walipokwama, sauti ya nyuma ya pazia iliwanong'onezea jibu, mara nyingi lisilo sahihi.

Mji mkuu ulingoja. Televisheni ilionyesha picha ya msitu. Viongozi wa vyama walisimama nyuma ya vipaza sauti, midomo imejaa hotuba za ushindi, wote thelathini na mmoja, na hawakuweza kutoa hata salamu. Siku ya tatu Tume ya Uchaguzi ilimtuma mkaguzi wake mkali kuliko wote, Bi Hermina Kolto, mwanamke aliyewahi kujitoza faini mwenyewe kwa kuvuka barabara vibaya.

"Mwalimu," alisema akivua glavu, "huyu mpiga kura amekula?"

"Jirani zake wanampitishia supu chini ya pazia."

"Inaruhusiwa. Amelala?"

"Kwenye kigoda, na godoro la mazoezi ya viungo."

"Inaruhusiwa. Na anakwenda wapi kwa... kwa haja?"

Mwalimu Teodor akawa mwekundu hadi masikioni. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu alihofia kwamba amelikosea. Akamwonyesha. Bibi Apolonia aligonga ukuta, na wazee wanne wa kijiji wakang'oa fremu ya kituturi, wakaibeba juu ya kichwa chake, pazia pande zote, wakavuka uwanja taratibu hadi chooni na kurudi, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe. Wapita njia walivua kofia.

Bi Hermina alitoa kitabu cha sheria, akasoma, akapima urefu wa pazia, akaandika kurasa mbili. "Kituturi ni pazia," akahukumu. "Palipo na pazia, ndipo penye kituturi. Hajatoka. Ila pazia lifike chini zaidi, viatu vinaonekana." Akavuta kiti, akakaa kuhakikisha hakuna anayemharakisha.

Siku ya nne, ya tano, ya sita. Nchini kulianza kutokea mambo ya kutisha. Madaraja matatu yaliyokuwa yamekamilika tangu mwaka juzi, yakingoja waziri wa kuyafungua, watu waliyavuka tu. Kwa kuwa hakukuwa na mikutano ya kusimamia, polisi walirudi kwenye makutano ya barabara na magari yakaanza kutembea. Mume na mke katika mji wa pili kwa ukubwa, mmoja wa Mwamko na mwenzake wa Mwamko Mpya, walikula chakula cha jioni hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Bwana mmoja alikamatwa kwa kusema hadharani kwamba baridi imezidi, kwa sababu chama tawala kiliahidi joto, lakini askari na mkosaji wakaishia kucheza dama kituoni. Ungedhani ni nchi.

Hali hiyo isingeweza kuvumiliwa. Siku ya tisa, msafara wa magari meusi thelathini na moja uliingia Dolna Breshka na kukwama kwenye matope kwa mpangilio wa kwenye karatasi ya kura. Viongozi wote walishuka. Mbele alikuwa Waziri Dragomir Stulp, mzee sasa, tumbo mbele, koti la manyoya, na midomo iliyobanwa kwa siku tisa hadi imekuwa ya zambarau. Wakaingia darasani wakafinyana kwenye madawati ya watoto, na watoto wakasogea kuwapisha kwa huruma.

Bi Hermina alisimama. "Waheshimiwa wanakumbushwa kwamba kituo ki wazi. Atakayetamka neno namwondoa kwenye kinyang'anyiro."

Kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Waziri Stulp alionyesha kituturi, akakunja viganja kama anayeomba. Pazia likafunguka upana wa kidole kimoja, na jicho moja likachungulia.

"Nani huyo mnene?"

"Ni Mheshimiwa Waziri Stulp, Bibi," alisema Mwalimu Teodor.

"Yule wa soksi?"

Mwalimu akatazama sakafu. "Huyohuyo, Bibi."

"Amenenepa. Anataka nini?"

Waziri alionyesha ukuta wa darasa, akaonyesha ubao, akawaonyesha watoto mmoja mmoja, kisha akachora hewani kufuli kubwa na kuitupa mbali. Alitikisa kichwa kwa nguvu hadi mashavu yakachelewa kufika. Wenzake wakamwiga, wakitupa kufuli zisizoonekana kila upande.

"Ninavyoelewa," alisema Mwalimu, na sauti yake ilianza kutetemeka kwa tumaini, "wanasema hawataifunga shule."

"Waape."

Waziri Stulp akaweka mkono wa kulia kifuani, ndani ya koti, upande wa moyo. Nyuma yake viganja thelathini vikatua kwenye vifua thelathini. Hata fundi wa kufuli alivua kofia.

Bibi Apolonia alikuwa amechoka. Mwalimu aliweza kuisikia pumzi yake ikipiga filimbi, na usiku uliopita alikuwa amekohoa sana. Miaka themanini na mmoja juu ya kigoda cha mtoto wa darasa la kwanza, siku tisa.

"Teo," alisema taratibu. "Wewe umesoma. Unawaona vizuri kuliko mimi. Niwaamini?"

Hapo ndipo mwalimu wetu alipoharibu. Ningependa kusema alifikiri, lakini hakufikiri. Mbele yake palikuwa na waziri, na maisha yake yote waziri alipokuwa mbele yake jibu lilikuwa moja tu.

"Wameweka mikono kifuani, Bibi," alisema. "Wote."

Bibi Apolonia akashusha pumzi. Kalamu ikakwaruza mara moja. Pazia likafunguka, akatoka, mdogo, ameinama, shali mabegani, akaitumbukiza karatasi yake kwenye sanduku. Watoto wakapiga makofi. Viongozi wakapiga makofi makubwa zaidi, na wawili wakakumbatiana kabla ya kukumbuka kwamba ni maadui.

"Umemchagua nani, Bibi?" aliuliza mtoto mmoja.

"Kura ni siri," alijibu kwa majivuno, na kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka mingi kuyasema maneno hayo.

Waziri Stulp akautoa mkono wake ndani ya koti. Mkono haukutoka mtupu. Ulitoka na bahasha yenye muhuri, iliyokuwa imelala muda wote chini ya kiganja kile kilichoapa, na akaiweka mezani mbele ya Mwalimu Teodor kwa upole. Ilikuwa amri ya utekelezaji. Shule iboreshwe mara tu kituo kitakapofungwa, siku hiyohiyo, na fundi yupo.

Mwalimu aliisoma. Akaisoma tena. Muhuri ulikuwa mzuri, wa rangi mbili.

"Nini hiyo, Teo?"

"Barua, Bibi."

"Ya nini?"

Bibi Apolonia alimtazama usoni, akatazama bahasha, akamtazama fundi aliyekuwa tayari anapima komeo huku akiona haya. Kisha akaketi kwenye dawati la mbele, taratibu, katikati ya watoto.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza wewe."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mwalimu Teodor alisikia aibu ikimpanda kuanzia kwenye viatu, aibu ya miaka hamsini na minane, ya picha zilizotundikwa na picha zilizoshushwa, ya asante zote alizowahi kusema. Hakuwahi kujua ni nyingi namna ile.

"Mwalimu," alisema Bi Hermina, na hata yeye hakumtazama machoni, "sheria inataka msimamizi atamke kwamba kituo kimefungwa. Tamka."

Viongozi thelathini na mmoja walivuta pumzi, hotuba zikiwa zimefika kooni. Nje madereva waliwasha redio. Waziri Stulp alishaanza kuinua mkono wa kusalimia taifa.

Mwalimu Teodor akafungua daftari la wapiga kura, kwa mazoea tu, kwa sababu msimamizi hulikagua kabla ya kufunga. Akapitisha kidole chini ya majina. Zhurka, amepiga. Wote wamepiga. Kidole kikafika kwenye mstari mmoja mtupu, kikasimama. Aliutazama mstari ule muda mrefu. Siku tisa za supu, hesabu, wazee wa kubeba fremu na mkaguzi, na hakuwa amepata nafasi.

"Siwezi kutamka," alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna mpiga kura bado."

Bi Hermina akageuza daftari, akasoma mstari, akavua miwani, akaivaa tena. "Inaruhusiwa," akasema polepole. Ilionekana neno hilo linamfurahisha. "Kwa kweli ni lazima."

Waziri Stulp alifungua kinywa. Bi Hermina akainua kidole kimoja, na waziri akakifunga kwa mikono yote miwili.

Mwalimu Teodor alichukua karatasi moja, ile ndefu kama shuka. Alipita mbele ya meza, mbele ya bahasha, mbele ya waziri, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema samahani. Mlangoni mwa kituturi alisita, akamgeukia Bibi Apolonia.

"Supu ninapenda ya maharage," alisema.

"Najua unachopenda," alisema bibi. "Ingia, baridi inapita."

Akaingia, akavuta pazia hadi chini, viatu visionekane. Humo ndani palikuwa na giza kidogo, na harufu ya shali ya bibi. Kigoda kilikuwa bado na joto. Aliketi, magoti yakamfika kidevuni, akaikunjua karatasi juu ya mapaja yake, majina thelathini na moja, na akagundua kwamba hakuna hata mtu mmoja duniani anayeweza kumwambia afanye nini.

Nje hakuna aliyesogea. Alisikia madawati yakilalamika chini ya uzito wa viongozi, na watoto wakinong'ona.

"Wanafunzi," aliita kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake haikutetemeka. "Toeni vitabu vya jiografia. Tunaanza na mito, kuanzia chanzo chake. Wageni waliokaa kwenye madawati nao wasikilize. Na msiwe na haraka, mwalimu wenu bado anafikiri."